Breki za Kushukia Munigi

Baba alikuwa fundi wa breki, na mimi nilijifunza kazi hiyo kwake, msichana pekee mtaani kwetu mwenye grisi kwenye kucha zote kumi. Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Kwetu Goma kazi ya breki haiishi. Vumbi la mawe ya volkano linakula pedi, plakete tunavyoziita, na zikiisha usizibadilishe, chuma kinaanza kuila diski yenyewe. Baba aliweza kusikia gari likipita akasema, bila kuinua macho, huyo amebakiwa na wiki moja.

Miaka miwili iliyopita niliinama kumsaidia kurudisha gurudumu la basi dogo la kwenda Rutshuru, nikaona pedi moja imewekwa kinyume, mgongo wake wa chuma umeelekea diski. Kosa hilo hata mimi sikulifanya wiki yangu ya kwanza. Nilitaka kumtania. Nikamtazama, nikaona hajui. Asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza mara tatu kama nimekunywa chai. Nikamwomba anitafutie kitambaa, nikaigeuza haraka kabla hajarudi.

Ningemwambia siku ile ile. Sikumwambia, na sababu si heshima kama nilivyojidai baadaye. Niliuogopa uso wake.

Shida ni kwamba karakana yetu iko Munigi, juu ya mji, na ina desturi yake: fundi aliyefunga breki hupanda na mwenye gari wakashuka wote ule mteremko mpaka mjini. Baba ndiye aliyeianzisha. Aliwaambia wateja kwamba akikosea watakufa wote wawili, nao wakacheka, wakamwamini. Kwa hiyo nikaanza kukagua kwa siri. Adhuhuri alipokwenda msikitini nilipiga jeki, nikatoa magurudumu, nikatazama kila pedi, nikarudisha kabla hajamaliza kuswali. Mara nyingi kazi ilikuwa safi. Mara nne haikuwa, nikairekebisha. Akirudi alimpiga mwenye gari begani, akamwambia hii ni kazi ya mkono wangu, twende. Nami nilisimama pale na spana, nikijiona binti mwema. Mjinga wa kutupwa.

Siku moja alisahau kofia yake, akaifuata. Alinikuta nimeshatoa gurudumu la gari alilolimaliza saa ile ile, pedi iko mkononi mwangu. Hakuuliza ninafanya nini. Aliichukua ile pedi, akaigeuzageuza.

"Umekuta kosa?"

"Leo hapana, papa."

Neno hilo, 'leo', lilinitoka kabla sijaliwaza, naye alilisikia. Akakaa juu ya tairi, kofia magotini. Adhana ilikwisha, yeye bado amekaa.

"Ulipashwa kuniambia, mama," alisema. "Ningeacha miye mwenyewe. Sasa umeniacha nadanganya batu."

Nilidhani namlinda asife barabarani. Kumbe nilimfanya mwongo, yeye ambaye hakuwahi kumficha mteja hata nati iliyochakaa. Nikarudisha gurudumu kwa sababu ndicho kitu pekee mikono yangu ilichojua kufanya.

Mwenye gari, mfanyabiashara wa mtaa wa Birere, alipokuja, baba hakupanda. Alimwambia mbele ya watu wote, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba kichwa chake kimeanza kupoteza mambo, kwamba amewahi kukosea na hakujua, na kwamba fundi sasa ni binti yake, atashuka naye. Akanifungulia mlango wa gari, akangoja mpaka nikakaa.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa yake, pedi mpya na diski mpya, na haikuwa na dosari hata moja. Nilipaswa kulisema hilo pale pale, mbele ya watu wale wale. Sikulisema. Nilishuka Munigi nikilia, na yule mfanyabiashara, akidhani nina shaka na breki, aliendesha polepole mpaka mjini.