Kigingi Kimoja Ndani ya Kabati

Wasomaji walionizoea watanisamehe. Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya barabara ya kwenda Fizi na matope yake, lakini matope yatangoja, hayana haraka. Jumanne asubuhi, nikiwa bado na povu la sabuni kidevuni, binti wa fundi seremala wetu aliingia uani kwetu hapa Baraka kando ya ziwa, akaketi chini bila kungoja kukaribishwa, nasi tukajua. Kichomi kilimlaza baba yake siku nne, ya tano kikamchukua. Alasiri ile ile tulimzika. Jina lake silitaji, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa, na kwa sababu kila mwenye kabati chumbani, toka hapa mpaka Fizi, ameshamjua ninayemsema. Hata waliogombana naye walikuja kaburini, nao si wachache.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye masikio makubwa na ulimi uliokata kuliko patasi zake. Ukimwagiza kazi ya wiki mbili, alikuletea baada ya miezi miwili, tena akakulaumu wewe kwa kumharakisha. Lakini kilichomtofautisha na mafundi wengine si ucheleweshaji, maana huo wanao wote. Ni kwamba hakupima ukuta. Mafundi wengine huingia chumbani na mita mkononi, wakapima toka kona hii hadi ile, wakakutajia mbao ngapi. Yeye aliketi mlangoni, akatoa mfukoni kamba yenye mafundo, akasema mtoe nguo zote mlizo nazo mzitandike mkekani. Ukimuuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa moja: "Ukuta haivalake nguo."

Nguo zikishatandikwa, alikutaka uzigawe mafungu matatu: zile unazovaa, zile zinazongoja siku yake, na zile zinazokaa tu. Mafungu mawili ya kwanza aliyapima kwa kamba yake, moja baada ya jingine, gauni kwa gauni, suruali kwa suruali, akihesabu mafundo. Fungu la tatu hakuligusa. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, ambaye alitaka kabati la kujaza ukuta mzima, alimkumbusha kwamba akiba haiozi. Fundi akamjibu, "Akiba haiozi, ni kweli. Nguo zinaozaka," akakunja kamba na kwenda zake. Yule bwana alimwita fundi mwingine, akapata kabati lake la ukuta mzima, na leo ukilifungua unakutana na taa mbovu, baiskeli isiyo na magurudumu na kuku anayeatamia. Nimemwona kuku huyo kwa macho yangu.

Mimi nami sikuwa bora kumpita bwana yule. Miaka minne iliyopita nilikuwa karani kijana kwenye ghala la pamba, nimetoka tu kuongezewa mshahara, na nilikuwa nimeliona kabati la mkubwa wangu wa kazi, lenye kioo kirefu mlangoni. Nikataka langu liwe vilevile au lizidi kidogo. Nilipotoa vitu vyangu mkekani, aibu ilinishika. Palikuwa na tai saba, zote zimeachwa na wakubwa waliorudi kwao Ulaya, na mimi shingo ninayo moja. Palikuwa na koti la mvua lililonifika kwenye vifundo vya miguu, na viatu vya mtu mmoja mkubwa sana, ambavyo niliwahi kuvivaa mara moja kwa kujaza magazeti ndani, nikaanguka mbele ya kanisa. Fundi alivigeuza viatu vile kwa ncha ya kidole, akaniuliza, "Huyu mutu anarudiaka lini kuvichukua?" Nikasema harudi. "Basi kabati ni ya nani, yako ao yake?" Nikavisukuma viatu kwenye fungu la tatu. Kioo pia alininyima, akidai kinapasua mlango kwa uzito wake, na mpaka leo, Mungu anisamehe kwa kumsengenya marehemu, ninakikosa kioo changu.

Lakini si kwa ajili ya tai zangu ninaandika. Katika nyumba ile nilikuwa ninaishi na mama, ambaye alihama rasi ya Ubwari kuja kwangu, na pamoja naye mke wa kaka yangu. Kaka alikuwa amevuka ziwa miaka mitatu kabla, na mzigo wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mtumbwi ulionekana umepinduka, na yeye hakuonekana. Ninyi mnajua desturi yetu. Matanga hayaishi mpaka nguo za marehemu zigawiwe kwa ndugu, na mjane havui kitambaa cheusi wala harudi kwa wazazi wake mpaka matanga yaishe. Mama alikataa kuzigawa. Hakuna aliyemwonyesha maiti, hakuna kaburi, kwa hiyo alizifungia nguo za kaka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake, na kila mwezi alizitoa, akazianika, akazirudisha na vidonge vya naftalini. Shemeji yangu alikuwa hajafika miaka ishirini na mitano. Wazazi wake walituma watu toka Fizi mara mbili kumuulizia, na mara zote mbili mama aliwapikia vizuri akawarudisha mikono mitupu. Mimi niliyaona yote hayo na nilinyamaza. Ninaandika hapa kila wiki kama mtu mwenye ujasiri, lakini kwa mama yangu sikuwa nao.

Fundi hakujua lolote la hayo. Alisema sanduku nalo litolewe, kwa kuwa nyumba ni moja na kabati ni moja. Mama akalikalia. Kweli, alilikalia kama mtu anayekalia kigoda, akasema lile halihusu kabati. Fundi akangoja. Alitoa msasa akaanza kusugua kipande cha mninga alichokuwa nacho, polepole, mpaka mama mwenyewe akainuka na kufungua. Yalitoka mashati mawili, suruali tatu, kaptura ya kuvulia, sweta, na koti la buluu la harusi. Hapakuwa na shati lililokunjwa vibaya. Fundi alizitazama, akauliza, "Mama, hizi tuziweke ku fungu gani?"

"Ni za mutoto yangu," mama akasema. "Atarudia."

Nilidhani ulimi mkali wa fundi utaponza nyumba yangu siku ile. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cheusi, anatazama chini. Fundi aliweka msasa kando, akazungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, wala sikuisikia tena. "Mama, mambo ya ziwa mi sijue. Mi niko fundi wa mbao. Nitamupatia mutoto wako nafasi mu kabati, asikose. Nitamutilia kigingi moja, peke yake, karibu ya mulango. Lakini kigingi moja inabebaka nguo moja. We uchague."

Mama aliinama juu ya nguo zile. Alishika shati, akaliacha. Alishika sweta, akainusa, akaiacha. Alikaa hivyo muda mrefu, na mimi nilitamani nimwambie fundi atie vigingi vyote anavyotaka, nitalipa. Kisha mama aligeuka akamtazama mkwe wake, jambo ambalo tangu msiba hakuwa analifanya sana, akamuuliza, "We unasema gani?" Shemeji akaja, akapiga magoti, akagusa koti la buluu. "Hii, mama. Alinioa nayo." Wakalia pamoja, mama na mkwe, kwa mara ya kwanza, kwa maana mpaka siku ile kila mmoja alikuwa akilia chumbani kwake. Fundi alipima koti kwa kamba yake, mafundo matano, akatoka bila kuaga. Zile nguo nyingine zilibaki mkekani, na mama hakuzirudisha sandukuni. Wiki iliyofuata aliwaita wajomba, akazigawa kwa mkono wake, kaptura kwa huyu, sweta kwa yule. Matanga yakaisha. Shemeji alivua kitambaa cheusi akapanda kwao Fizi, na leo ameolewa na mwalimu mmoja, tena ana mtoto anayetembea.

Kabati lilikuja kwa kuchelewa, bila shaka, na ni dogo kuliko nilivyotaka. Kushoto zinaning'inia ndefu, kulia ziko rafu za vitambaa vya mama, na hakuna rafu iliyopita urefu wa mkono wake, kwa sababu fundi alikuwa akisema rafu usiyoifikia ni ya mende. Miguu ni mirefu ili ufagio upite chini. Mgongoni ametoboa matundu ya hewa kwa ajili ya unyevu wa ziwa. Kwa miaka yote minne sijawahi kutafuta shati asubuhi. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, kwa kuwa tuko katika miaka ya vitu. Maduka yanaongezeka, pamba inaleta pesa, na kijana akipata mshahara wa kwanza ananunua, na wa pili ananunua, na sanduku la baba yake halitoshi tena. Sisi tunadhani tunahitaji makabati makubwa zaidi. Fundi yule, ambaye aliishi kwa kuuza makabati na angetajirika kwa kutuachia upumbavu wetu, alitupunguzia kila mara. Sijaona mtu mwingine wa kazi yoyote anayemwambia mteja wake, hii inakutosha.

Nimewaeleza kwamba binti yake alikuja Jumanne. Sijawaeleza alichoulizwa. Alipokwisha kulia, mama yangu alimuuliza wamemvalisha nini marehemu. Binti akajibu kwa aibu kwamba liko shati lake la kazi, wamekwisha kulifua, ila gundi haikutoka. Nguo nyingine hakuwa nayo. Alikuwa ameishi kwa kanuni yake mwenyewe, na fungu la pili, lile la nguo zinazongojea siku yake, nyumbani kwake halikuwapo. Mama aliinuka. Nilisikia mlango wa kabati ukifunguka, akarudi na koti la buluu mikononi.

"Mumuvalishe hii."

"Mama, hapana. Hii ni ya mutoto wako."

"Najua. Ziwa haikunipatia kaburi," mama akasema. "Leo nitaiona."

Kaka yangu alikuwa mrefu, kwa hiyo mikono ya koti ilimfunika fundi vidole vyote. Mafundi wenzake walitaka kuikunja, mama akawakataza. Kaburini alisimama mbele kuliko wote, akatupa udongo mara mbili, na waliokuwapo walidhani amesahau kwamba ameshatupa. Baada ya watu kuondoka aliketi pale mpaka jua likapoa, kisha akasema twende, amechoka. Mimi niliyepewa kalamu ili niwafundishe wengine nimejifunza kwa mtu wa randa kwamba aliyekufa hadai kila alichoacha, anataka nafasi moja tu, na anayemtunzia nafasi hiyo moja ndiye anayeweza, siku yake ikifika, kumwachia. Jioni ile nilifungua kabati kutundika shati langu. Kigingi cha karibu na mlango kilikuwa kitupu, na mama, ambaye alikuwa anakunja vitambaa vyake, aliniambia bila kugeuka, "Tundika hapo."