Stika Niliyomchorea Baba

Hili sijawahi kumwambia mtu: stika ya kuegesha chuoni iliyoko kwenye gari la Baba niliichora mimi.

Ile halisi niliibandua juzi nikiosha gari. Nilisugua kioo kama mwendawazimu.

Baba anafundisha pale, na tangu vita vianze, gari bila stika haliingii getini. Kumwambia niliogopa. (Mimi naogopa hata kuagiza chapati.) Nikatoa stika yake ya zamani kabatini, nikanakili kila kitu kwa kalamu za rangi, mpaka muhuri.

Leo asubuhi tulikuwa pamoja. Askari wa getini akainama, akasoma, akacheka.

"Ustaz! Hii muhuri ni ya Khartoum. Sisi si tulipata uhuru?"

Jamani, stika ile ya zamani ilikuwa ya kabla ya nchi yetu kujitenga; nimenakili serikali tuliyoiacha!

Baba akaitazama stika. Akanitazama mimi.

"Nilichora mwenyewe, ndugu yangu," akamwambia askari.

"Basi egesha nje, ustaz."

Tukatembea juani mpaka ofisini kwake. Ningeona afadhali anigombeze.

Ninyi mngekiri?

Ngoja, nasikia viatu vyake. Anauliza kalamu zangu za rangi ziko wapi.

Naficha simu.