Treni ya Ubia

Mpaka leo nikiziona rangi za treni ile natamani kutema mate.

Maman, jirani yangu hapa ughaibuni, mtaa wa Evere, Mkongo anayetumia kiti cha magurudumu tangu miguu imkatae, alifiwa na dada yake huko Ufaransa, ng'ambo tu ya mpaka. Ndiye dada aliyemlea, na Maman hakutaka jingine ila kumtupia udongo wa mwisho. Mimi Mtanzania nikajitolea kumsukuma. Msaada wa kupanda tulikuwa tumeshauomba kwa simu, na stesheni tulifika mapema.

Treni ikaingia. Nikamwomba mhudumu wa koti la kijani ateremshe kibao cha kupandishia kiti. Akasema hiyo ni kazi ya wenzao wa bluu. Wa bluu naye akasema kibao kimo ndani ya treni, na vya ndani vyote ni kazi ya wa kijani. Wakatazamana, wakacheka kidogo. Nikashikwa na kinyaa, kinyaa hasa, kama niliyekuta nywele kwenye ugali. Kampuni mbili zimepewa njia moja na serikali, tiketi zinauza pamoja, faida zinagawana, halafu mama mtu mzima hana wa kumpandisha!

"Kuko nini?" Maman akauliza.

"Ni ubia, Maman."

"Ubaya?"

"Hapana, ubia. Kampuni mbili zimeungana, zinaendesha treni pamoja."

"Bon. Basi nilisikia muzuri. Ni ubaya."

Nikainama nimbebe mgongoni, kiti kitajijua. Hapo ndipo kijani na bluu walipopatana kwa mara ya kwanza: marufuku, usalama kwanza. Milango ikafungwa mbele ya magoti yake. Wa bluu akanishauri nikalalamike kwa wa kijani. Nilimtukana kwa Kiswahili, tena tusi la nguoni, na sijutii.

Treni iliyofuata ilikuwa ya jioni, na mazishi yalikuwa mchana. Nikasema turudi nyumbani. Maman akakataa kuondoka, eti huenda wale wa kijani na bluu wakabadili mawazo.

Mchana mtoto wa marehemu akatupigia simu ya video kutoka makaburini. Nikamshikia Maman simu palepale jukwaani, watu wakitupita na mabegi yao. Jeneza likashushwa. Waombolezaji walipoanza kulitupia udongo, Maman naye akanyoosha mkono mtupu juu ya kioo cha simu, akaufungua.