Swali la Kwanza kwa Kihispania

Jumanne, kwenye foleni ya simu katika posta ya Kakamega, mama mmoja wa Shinyalu alikuwa akinong'ona mbele yangu, akihesabu maneno kwa vidole. Mjukuu wake alizaliwa Uhispania, anajua Kihispania tu, na siku hiyo wangeongea kwa mara ya kwanza.

"Sista wa parokia alimwandikia majina ya vitu kwa Kihispania," mumewe akanieleza. "Amebandika karatasi kwa sufuria, kwa mlango. Juzi mimi nilifika sokoni na karatasi ya 'mume' mgongoni!"

"Nyamaza mzee, utanipotezea maneno."

Simu ikaunganishwa. Vitabu vya lugha tulivyosoma chuoni vilianza na jina lako nani. Yeye alianza pale bibi wa kwetu huanzia: "¿Has comido?" Umekula?

Sauti ndogo ikamiminika hata sisi wa foleni tukaisikia. Mama alishika simu kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

"Amesema nini?" mzee akauliza.

"Sijui hata neno moja. Lakini amekula. Mtoto mwenye njaa haongeanga hivyo."