Wengine Wameshakula?

Wifi yangu hakuwahi kula wa kwanza maishani mwake. Alikuwa mke wa kaka yangu, mama wa watoto wengi walafi, na chakula chake alikila amesimama jikoni, akikwangua ukoko, baada ya kila mtu kupangusa mdomo. Nikimtania, ananijibu, "Wewe kula, wifi. Mdomo wako ukipata kazi nyumba inatulia."

Sasa sote ni wajane, tunalala chumba kimoja kwenye nyumba ya wazee, na akili zake zinakuja na kwenda. Mchana, saa ya chakula, ndipo anapokwenda mbali zaidi. Jua linamwagika mezani, mvuke wa wali unapanda, vijiko vinagonga sahani taratibu, na yeye anatabasamu akiangalia mlango. Yuko jikoni kwake, miaka ile. Mara nyingine hata mimi namsikia kaka akivua viatu kizingitini.

"Wengine wameshakula?" anauliza.

"Wameshakula, bibi. Kula na wewe," anasema mhudumu.

Hagusi kitu.

Amekonda, bangili zinapanda mpaka kiwiko. Daktari akasema asipoanza kula wiki hii atahamishiwa hospitali, alishwe kwa mpira wa puani. Niliogopa, sifichi. Akiondoka, hapa nitagombana na nani?

Chakula cha hapa hakina chumvi, nami tangu mwanzo huwa nakidonoadonoa tu. Basi nikaanza kumwekea yeye nyama zangu pembeni ya sahani, nimbembeleze nazo. "Ona minofu hii, wifi. Fungua mdomo." Anaitazama sahani yangu, anatikisa kichwa, anarudi kwenye ndoto yake.

Jana uvumilivu ukaniishia. "Hebu niambie, unamsubiri nani? Kaka alishakufa. Watoto wako wana wajukuu. Nani hajala?"

Akanigeukia polepole, macho bado yako kule kule. Akanisogezea sahani yangu.

"Wewe," akasema. "Kila siku unabakiza. Mimi nitakulaje?"

Nikashika kijiko. Nikala nyama iliyopoa, wali, mchuzi, machozi yananiingia mdomoni, naye akihesabu kila tonge kwa macho. Nilipomaliza akachungulia sahani, akaridhika. Kisha akaegemea meza, akasimama, akavuta chakula chake na kuanza kula.

Mhudumu akaja mbio kumkalisha.

"Mwache," nikamwambia. "Kwake hula hivyo hivyo."

Alikula mpaka punje ya mwisho, akitazama mlango, lakini sasa kwa macho ya mtu ambaye watu wake wote wamesharudi.

Leo asubuhi uji ulikuwa mwepesi, hauna hata sukari, na sikuwa na hamu nao. Nimeunywa wote, nikainamisha kikombe ajionee.