Mdokozi wa Jikoni

Nimechoka hata kuona haya, kwa hiyo nasema tu.

Jirani yangu hapa Chumbageni, Mwanahamisi, aliandika mtandaoni: "Mdokozi wa jikoni kwangu, nimekujua. Huna haya!" Watu wakacheka, nami nikajiona natukanwa mbele ya mji mzima. Nikayapiga skrinishoti maneno yale, nikayachapisha steshenari, nikamfungulia kesi ya kunichafulia jina.

Nikazungushwa mahakamani, njoo leo, njoo kesho, hadi miguu ikavimba. Jana tukaitwa. Nikatoa karatasi yangu, lakini hakimu akataka kuuona ukurasa wenyewe. Mwanahamisi akafungua simu, akashusha hadi pale ambapo skrinishoti yangu haikufika. Chini ya maneno palikuwa na picha ya paka, kichwa cha nguru mdomoni.

"Nilimsema paka wangu, mheshimiwa. Huyu shoga yangu sikumtaja."

Hakimu akanigeukia, naye kachoka kama mimi. "Mama, jina lako halimo humu. Ulijuaje kwamba unasemwa wewe?"

Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, akili imeganda. Nikajibu, "Mheshimiwa, nguru yule mimi nilimega kipande kimoja tu."