Irare au ilale

Leo nimemsahihisha Dada Odette Kiswahili mbele ya watu. Bora ningefunga mdomo.

Nabandika hapa juu ya tangi la samaki la hosteli, ili msiulizane kimetokea nini.

Odette anahamia Kigali, ametuachia samaki wake watatu ndani ya mfuko wa plastiki. Akaniambia, "Kaka, mufuko irare kwanza juu ya maji. Samaki izoee baridi, buhoro buhoro, polepole."

Mimi mtoto wa Mwanza nikacheka.

"Siyo irare, dada. Ilale! Sema la!"

Meza nzima ikacheka. (Ninyi pia, msijifanye.)

Akajaribu tena, maskini: "Irare."

Tukacheka zaidi. Na katika kucheka huko nikafungua mfuko, nikawamwaga wote kwa mpigo.

Wakapinduka, tumbo juu.



Odette hakunigombeza. Alisema tu, "R yangu umesikia, kaka. Neno hukusikia."

Wawili wamezinduka, wamejificha nyuma ya majani. Yule mwekundu, aliyempenda kuliko wote, amelala.

Au amerara.

Nisahihisheni hapa chini. Kalamu nimeifunga kwa uzi.